UZI: Nukta za sindano za Kichina si swichi, ni vishimo

Mtoboaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna picha inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mtu kachorwa kuanzia utosini mpaka unyayoni, mwili mzima vidoti vyekundu, kila kidoti na mshale wake: bonyeza hapa figo, bonyeza hapa presha, bonyeza hapa nguvu za kiume. Wiki hii nimetumiwa mara nne. Ya nne kanitumia shemeji yangu, ambaye anajua fika kwamba nilikaa China miaka mitano nikisomea jambo hilo hilo, na chini yake kaandika: "Kweli hii?" Jibu lake refu, ndiyo maana nimelileta huku.

Sisi tumezoea kusema nukta. Wachina wanaita xue, unatamka kama "shwe", na maana yake ni tundu au pango. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwa nini. Nukta unaiona kwenye karatasi, tundu unalitafuta kwa kidole. Mwalimu wetu wa mwaka wa kwanza, mama mmoja mfupi mwenye kucha zilizokatwa mpaka mwisho, picha alikuwa hataki hata kuziona. Anakushika mkono, anakwambia teremsha kidole polepole kando ya mfupa wa mguu wa mwenzio mpaka kidumbukie. Kikidumbukia na mwenye mguu akaguta "hapo hapo!", basi umefika.

Kipimo nacho si sentimita. Kinaitwa cun, tamka "tsun". Upana wa kidole gumba penye kiungo ni cun 1. Vidole vinne ukivibana pamoja ni cun 3. Kutoka mkunjo wa kiwiko hadi mkunjo wa kiganja ni cun 12 kwa kila binadamu, awe mcheza kikapu au mtoto wa chekechea. Na vidole vinavyopimia ni vya mgonjwa, si vya tabibu. Hilo watu wengi wanalikosea.

Idadi? Inategemea umemuuliza nani na lini. Kaburi la Mawangdui pale Changsha, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo na kufukuliwa 1973, lilikutwa na maandiko ya hariri yanayoeleza mikondo 11 ya mwili (njia ambazo wanasema nguvu ya uhai, qi, inapita) na namna ya kuchoma dawa juu ya ngozi, ila sindano na majina ya nukta hayamo. Karne kama nne baadaye tabibu Huangfu Mi anaorodhesha nukta 349. Mwaka 1027 Wang Weiyi anamtengenezea mfalme masanamu mawili ya shaba ya ukubwa wa mtu, yenye nukta 354 zilizotobolewa kabisa. Inasimuliwa kuwa sanamu lilipakwa nta nje na kujazwa maji ndani, mwanafunzi anaitwa mbele, anaambiwa choma mahali fulani. Maji yakitoka, amefaulu. Yasipotoka, arudi mwakani.

Leo orodha ya Shirika la Afya Duniani ina nukta 361. Wataalamu wa China, Japani na Korea walipokaa kukubaliana kila moja iko wapi hasa, kitabu kikatoka 2008 na nukta 6 zikabaki hazina muafaka. Hao ni mabingwa. Halafu wewe unaamini kidoti cha WhatsApp.

Nakuja na nukta zenyewe, ngoja nimalize kula.

Kibanzi

Nimekaa siti ya mbele, mkuu. Usitukimbie kama wale wa uzi wa nyuki.

Mama Jose

Mimi nataka ile ya kichefuchefu tu. Mimba wiki ya tisa, hata harufu ya sabuni siiwezi.

Mtoboaji

Mama Jose pole, na hongera. Yako naiweka ya kwanza.

Inaitwa *Neiguan*, maana yake "lango la ndani". Geuza kiganja juu, tafuta mkunjo wa kifundo cha mkono, weka vidole vitatu kuanzia hapo kuelekea kiwiko. Kunja ngumi kidogo utaona kano mbili zinasimama kama nyuzi za gitaa. Katikati yake, hapo. Bonyeza kwa gumba dakika mbili tatu, mkono mmoja kisha wa pili, bila kukomoa. Kati ya nukta zote, hii ndiyo ninayoweza kuitetea mbele ya daktari yeyote, kwa sababu imepimwa mara nyingi kwa wagonjwa wanaotapika baada ya upasuaji, na inapunguza kweli. Kwa wajawazito matokeo yamechanganyika, lakini haikudhuru. Ukifika mahali hata maji hayakai tumboni au mkojo umekuwa wa rangi ya chai, achana na vidole, nenda hospitali.

Sasa *Zusanli*, mama wa nukta zote. Maana yake ni "li tatu za mguu". Li ni kipimo chao cha njia, kama nusu kilomita hivi. Wapo wasemao ukiibonyeza ukiwa umechoka utatembea li tatu zaidi. Wengine wanasema ni kwa sababu iko cun 3 chini ya goti, basi. Kaa, kunja goti, tafuta kishimo cha nje chini ya kilegesambwa, shusha vidole vinne, kisha toka nje ya muundi kwa upana wa kidole kimoja. Utakuta msuli. Kandamiza, utahisi kitu kinashuka kuelekea juu ya unyayo. Hiyo wanaipeleka kwenye kila shida ya tumbo: kujaa gesi, kukosa hamu ya kula, kuharisha, na pia uchovu wa mtu aliyetoka kuugua. Nimeona wazee kule wakikaa kibarazani jioni wanajigonga hapo kwa ngumi huku wanapiga soga, kama sisi tunavyojikuna.

*Hegu* mnaijua bila kujua jina lake. Ni ile nyama kati ya gumba na kidole cha shahada, ukijibana pale unasikia maumivu ya ajabu. Jina maana yake "bonde la makutano". Jino, kichwa, uso, mafua. Kuna kishairi cha mistari minne ambacho kila mwanafunzi anakariri kabla ya kitu kingine: matatizo ya tumbo yaachie Sanli (ndiyo Zusanli ile ile), mgongo na kiuno vitafutie Weizhong (nyuma ya goti, katikati ya mkunjo), kichwa na shingo ni Lieque (juu kidogo ya kifundo cha mkono, upande wa gumba), uso na kinywa ni Hegu. Ukiangalia vizuri utaona hakuna hata moja iliyo mahali panapouma. Jino linauma, mtu anakushika mkono. Wao wanasema mkondo wa utumbo mpana unaanzia kidole cha shahada, unapanda mkono, unapita shingoni, unaishia kando ya pua. Kwa hiyo ukigusa chini, juu inasikia.

Kariakoo Guangzhou

Mtoboaji umenikumbusha mbali. Mimi nafuata mzigo, nakaa Xiaobei pale wanapokaa Waafrika wengi. 2016 nilinyanyua bandali la mitumba vibaya, kiuno kikagoma. Mwenyeji akanipeleka kwa mzee mmoja ghorofani, ngazi zenyewe nilipanda kama kinyonga. Mzee hakugusa kiuno kabisa! Kanilaza kifudifudi, kachoma nyuma ya magoti yote mawili. Nilihisi kama umeme wa betri mpaka kisiginoni. Nusu saa nikaamka mwenyewe, nikavaa viatu mwenyewe.

Na nasikia kuna mwandishi wa Marekani alipasuliwa utumbo China bila ganzi, sindano tu. Hiyo ndiyo iliyowafanya Wazungu waamini.

Mtoboaji

Hiyo ya kiuno naiamini, ni Weizhong kama ilivyoandikwa. Ila kiuno kilichokazika ghafla wengi huachia chenyewe baada ya siku kadhaa, usimpe mzee sifa zote.

Ya mwandishi imepindishwa. Ni James Reston wa New York Times, Julai 1971, Beijing. Kidole tumbo kilimshika akiwa ziarani, akapasuliwa kwa dawa za ganzi za kawaida kabisa. Sindano zilikuja baada ya upasuaji, tumbo lilipojaa gesi likamsumbua: kwenye kiwiko cha kulia na chini ya magoti. Akaandika gazetini, Marekani nzima ikawa haizungumzi kingine. Chini ya magoti, unaona? Mimi nakisia ni Sanli yetu ile ile.

Mkemia wa Mtaa

Natanguliza samahani kwa kuharibu sherehe.

Wajerumani walifanya utafiti mkubwa, ulichapishwa 2007. Watu 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno. Kundi la kwanza walichomwa kwenye nukta za Kichina kama vitabu vinavyosema. La pili walichomwa juu juu tu, mahali ambapo makusudi si nukta. La tatu walipewa dawa, mazoezi na matibabu ya kawaida. Baada ya miezi sita waliopata nafuu: asilimia 47.6, asilimia 44.2, asilimia 27.4.

Soma namba mbili za kwanza tena. Nukta halisi na nukta ya uongo hazipishani. Sasa mtu amekaa miaka mitano akikariri mashimo 361 ili apate nini?

Kibanzi

Hahaha, hapo sasa. Mtoboaji njoo ujibu.

Mtoboaji

Nilikuwa nakusubiri wewe hasa, Mkemia, nilijua utakuja na Wajerumani.

Namba zako ni sahihi. Nilizisoma nikiwa mwaka wa tatu, usiku, bwenini, na nilikasirika kweli. Kesho yake nilimwonyesha mwalimu wangu. Akasoma, akavua miwani, akasema: "Sindano bado imeingia." Akarudi kwa wagonjwa wake.

Nimekaa na jibu hilo miaka. Kwanza, usiruke namba ya tatu. Makundi yote mawili ya sindano yaliwashinda waliopewa matibabu ya kawaida kwa mbali. Kuna kitu kinafanyika pale: kuchomwa kwenyewe, kulazwa kimya nusu saa, mtu kukugusa na kukusikiliza, na matumaini ya mgonjwa. Sitaki kuyadharau hayo. Pili, kwa maumivu, mimi siamini tena kwamba ukikosea milimita tano dawa imepotea. Nikikwambia naamini nitakuwa nakudanganya. Sanamu la shaba lilikuwa linapima utii wa mwanafunzi, halikuwa linapima mgonjwa.

Lakini nilichopata kwa kukariri nukta 361 ni hiki: najua chini ya kila moja kuna nini. Wana msemo, tumbo lina kina kama kisima, mgongo mwembamba kama chapati. Maana yake tumboni sindano ina pa kwenda, mgongoni ukizamisha unakuta pafu. Juu ya bega, kati ya shingo na ncha ya bega, pale mnapopenda kukandwa, kuna *Jianjing*, "kisima cha bega". Kubonyeza ni raha tupu. Kuchoma ni hatari, kwa sababu ncha ya pafu iko chini yake, na kwa mtu mwembamba haiko mbali hata kidogo. Pafu likitobolewa hewa inavuja kifuani na mgonjwa anaanza kuhema akiwa njiani kurudi nyumbani. Zile picha zenu zinaonyesha kidoti pale pale, hazisemi kina.

Kwa hiyo kwangu ramani ya nukta leo ni ramani ya usalama kuliko ya tiba. Wenzangu wa kazi wakisoma hapa watanitukana, sawa.

Bint Kisiwandui

Assalam alaykum. Mimi si mtaalamu, nakuja na la kuona.

Huku Unguja madaktari wa Kichina si wageni, wanakuja kwa zamu tangu 1964, wengi kutoka jimbo la Jiangsu, na kwenye vikosi vyao hukosi mtu wa sindano. Bibi yangu aliamka asubuhi mdomo umekwenda upande, jicho halifumbi, chai inamwagika. Mtaani washasema kapigwa na upepo. Tukampeleka hospitali, wakahakikisha kwanza si kiharusi, kisha akapewa vidonge na akapelekwa kwa Mchina. Kachomwa shavuni, karibu na sikio, pembeni ya mdomo, na moja mkononi. Bibi kila akichomwa anasema "Yarabi toba", na daktari anamjibu "pole pole pole", Kiswahili pekee alichokuwa nacho. Wiki ya sita uso umerudi. Sasa Mkemia, huyo naye ni Mjerumani?

Mkemia wa Mtaa

Dada yangu, nafurahi kwa ajili ya bibi. Ila uso kupooza kwa namna hiyo, wengi hupona hata wasipochomwa, na vidonge alivyopewa mwanzo vina kazi yake. Hatuwezi kujua kilichomponya ni kipi.

Bint Kisiwandui

Najua hatuwezi kujua. Bibi anajua.

Mtoboaji

Nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Ya mkononi itakuwa Hegu, na mara nyingi wanachoma mkono wa upande usiougua. Uso na kinywa ni Hegu, kishairi kile kile. Nawapongeza waliomwangalia kiharusi kwanza. Mdomo ukienda upande, kituo cha kwanza si kwa mtu wa sindano, hata akiwa mimi.

Abuu Hijama

Swali la kitabibu. Sisi tunaopiga chuku tuna sehemu zetu, kwa mfano al-kahil kati ya mabega. Hizi za Wachina ndizo hizo hizo au kila mtu na zake? Na ile ya kuchoma majani?

Mtoboaji

Shehe, zinapishana na kukutana. Pale kati ya mabega wao wana *Dazhui*, chini ya lile pingili la shingo linalotokeza ukiinama, wanaitumia kwa homa na mafua. Nao wanaumika pia, ila mara nyingi chuku kavu, bila kuchanja. Kwamba mmoja kamwiga mwenzie, mimi sithubutu kusema. Mgongo ni mgongo, kila aliyeugua duniani ameukanda pale.

Majani ni moksa. Ni jamii moja na artemisia inayolimwa huku kwa ajili ya dawa ya malaria, lakini ni ndugu yake, si yenyewe. Yanakaushwa, yanatwangwa mpaka yawe kama pamba, yanasokotwa kama sigara nene, yanawashwa na kushikwa karibu na ngozi bila kugusa. Kwa Kichina tiba yote inaitwa *zhenjiu*, "sindano na moto". Huku nje moto umesahauliwa.

Na hapo kuna kisa ninachokipenda. Nukta inaitwa *Zhiyin*, kwenye kona ya nje ya ukucha wa kidole kidogo cha mguu. Inachomewa moksa mama ambaye mtoto ametanguliza makalio. Ndiyo, kidole cha mwisho cha mguu, mtoto ageuke tumboni. Utafiti wa Jiangxi, China, uliochapishwa Marekani 1998 ulichukua wanawake 260 wa mimba ya kwanza. Ilipofika wiki ya 35, waliochomewa asilimia 75.4 watoto wamegeuka, wasiochomewa asilimia 47.7. Kila mtu akashangilia. Wakarudia Italia, utafiti ukakatizwa njiani na tofauti haikuonekana. Akina mama wengine walilalamikia moshi na harufu. Mkemia, kabla hujaandika: nimeshasema mwenyewe.

Kibanzi

Wewe mwenyewe ushachomwa au unachoma wenzio tu?

Mtoboaji

Tulianza kwa kuchoma roli la karatasi ya chooni, wiki mbili, kisha kipande cha sabuni, kisha sisi kwa sisi. Siku ya kwanza ya sisi kwa sisi nilikuwa sijala tangu jana yake, nilikuwa na mtihani. Mwenzangu wa Kimongolia kanichoma Hegu. Sindano yenyewe unene wake ni robo milimita, kuingia husikii. Kinachosikika ni inapofika: uzito, ganzi, kujaa, kama mkono umelalia usiku kucha. Wanaita *deqi*, qi imefika. Bila hiyo wanasema umechoma nyama tu. Basi yangu ilifika na mimi nikaondoka. Jasho la baridi, dari likaanza kuzunguka, nikateleza kwenye kiti. Nilichokumbuka kufuata ni ukucha wa yule mama mwenye kucha fupi umenikandamiza chini ya pua, kwenye kile kifereji cha juu ya mdomo. Hiyo inaitwa *Renzhong*, ya kumzindua aliyezimia. Alama ilikaa siku mbili. Mchana huo mama yule alininunulia tambi, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza bakuli.

Kwa hiyo msichomwe na njaa.

Mwanaidi77

Wifi yangu mimba imevuka tarehe, kuna mtu kamwambia abonyeze Hegu na nyingine ya mguuni, juu ya jicho la mguu, ili uchungu uanze. Sawa?

Mtoboaji

Hapana, asijaribu nyumbani. Hiyo ya mguuni ni *Sanyinjiao*, vidole vinne juu ya jicho la mguu upande wa ndani, nyuma ya mfupa. Ni nukta ya mambo ya wanawake: hedhi yenye maumivu, hedhi iliyopotea. Hiyo, Hegu na Jianjing ya begani ndizo vitabu vya zamani vinakataza kwa mjamzito. Kama zina nguvu hiyo kweli au hazina, hiyo ni mada ya Mkemia. Mimi najua mtoto aliyepitisha tarehe anahitaji kupimwa mapigo ya moyo leo, si kesho. Aende kliniki, na huyo mshauri aende naye akabebe begi.

Mama Jose, na wewe hizo tatu ziache. Yako ni ile ya mkono peke yake.

Mama Jose

Nimerudi. Baba Jose kajaribu jana usiku, kapima vidole vitatu, kakandamiza mpaka nikamrukia. Hamna kitu, nimetapika vile vile.

Mtoboaji

Baba Jose ana mikono mikubwa?

Mama Jose

Fundi bomba.

Mtoboaji

Amepima kwa vidole vyake. Hapo kakaribia kufika kiwikoni. Pima kwa vidole vyako wewe, kisha yeye abonyeze polepole katikati ya zile nyuzi mbili.

Mama Jose

Tumesogea chini kama upana wa kidole. Hapo pana kishimo kweli, kidole kimeingia. Kutapika bado, lakini leo nimekunywa uji nusu kikombe na umekaa.